Ubongo Unajuaje Uishie Wapi?

Mwezi wa tatu, kwenye ile likizo fupi ya kati ya mihula, nilikuwa nyumbani Kizwite nikifundisha twisheni ya baiolojia. Msifikirie darasa. Ni baraza ya kwetu, ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, na wanafunzi saba wa kidato cha nne wanaolipa siku mzazi akikumbuka. Sumbawanga mwezi huo mvua bado zipo, na kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba kulikuwa na nyuzi ndefu za ute zenye vidoa vyeusi, kama shanga. Mayai ya chura. Nikachota kipande kwa beseni, nikaliweka barazani, nikasema leo hatufungui daftari.

Tulikuwa na lenzi moja ya mkono na simu yangu. Ukiiweka lenzi mbele ya kamera ya simu unapata picha ya kuridhisha; jaribuni mtakapokwenda TP kwenye shule zisizo na hadubini. Siku ya kwanza tuliona vidonge vyeusi tu. Siku iliyofuata vilikuwa vimerefuka kidogo, na mgongoni mwa kila kimoja kulikuwa na bonde, na kando ya bonde matuta mawili yanayotazamana. Nikawaambia: bonde hilo ndilo litakuwa ubongo na ugwemgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Nje ya matuta ni ngozi.

Binti mmoja anayekaa nyuma siku zote, na ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa ubongo unajuaje uishie wapi? Mbona haukuenea mpaka tumboni?"

Nikajibu: "Jeni."

Wenzangu wa ualimu mnalijua jibu hilo. Ni jibu la mwalimu aliyebanwa. Si uongo, lakini halielezi kitu, maana seli ya ngozi na seli ya ubongo za chura mmoja zina jeni zile zile. Kama ni jeni tu, mbona moja imekuwa ngozi na jirani yake ubongo? Binti akakaa. Niliona kabisa kwamba hakuridhika, na usiku nikarudi kwenye notsi za mwaka wa pili na vitabu nilivyopakua kwenye simu. Ninayoandika hapa ndiyo niliyopaswa kumjibu.

Yai la chura likirutubishwa hugawanyika mara mbili, nne, nane, mpaka linakuwa mpira wa maelfu ya seli. Chura anayejulikana zaidi katika maabara za dunia ni Mwafrika mwenzetu, chura wa kucha, Xenopus laevis, mwenye asili ya kusini mwa Afrika. Jamaa yake wa karibu, Xenopus victorianus, anaishi kwenye maji ya ukanda wa Ziwa Victoria. Miaka ya 1930 huko Cape Town iligundulika kwamba ukimdunga chura jike wa aina hii mkojo wa mama mjamzito, anataga mayai ndani ya saa chache, na kwa miaka mingi hospitali za Ulaya na Marekani zilimtumia kama kipimo cha mimba. Ndivyo alivyosambaa, na ndivyo wanasayansi walivyojikuta na chura anayetaga wakati wowote wanapotaka. Kwenye maji ya nyuzijoto 23 hivi, yai lake huanza kupanga tabaka za mwili baada ya saa kumi, na kabla ya siku moja kuisha mrija wa neva umeshafunga. Kwetu Ufipa, kwa baridi ile ya usiku, mambo yanakwenda polepole, ndiyo maana tuliweza kuyaona jioni hadi jioni.

Sasa, tabaka la nje la kiinitete ndilo linalozaa ngozi, na tabaka hilo hilo ndilo linalozaa mfumo wa fahamu. Ngozi na ubongo ni ndugu wa tumbo moja. Swali la yule binti kwa hiyo ni swali la urithi: shamba moja, ndugu wawili, nani kapima mpaka?

Jibu la kwanza kubwa lilitoka Ujerumani, mjini Freiburg, kwa mwanafunzi wa uzamivu aliyeitwa Hilde Mangold na profesa wake Hans Spemann. Hawakutumia chura, walitumia ndugu yake mwenye mkia, salamanda. Mangold alichukua kiinitete cha salamanda mweupe, akakata kipande kidogo sana pale seli zinapoanza kuzama kuingia ndani, upande utakaokuwa mgongo, akakipandikiza kwenye tumbo la kiinitete cha salamanda mwenye rangi. Kwa kutofautisha rangi aliweza kujua seli ipi ni mgeni na ipi ni mwenyeji. Kilichotokea ni kwamba tumboni pakaota mwili wa pili, wenye mgongo na mfumo wa fahamu wake. La ajabu ni hili: mfumo huo wa pili wa fahamu ulitengenezwa zaidi na seli za mwenyeji, zile ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo. Mgeni hakuja na ubongo wake. Alifika, na majirani wakabadilika.

Matokeo yalichapishwa 1924. Mwaka huo huo Mangold alifariki kwa ajali ya moto wa jiko la nyumbani, akiwa na miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel 1935, na tuzo hiyo hawapewi marehemu. Mimi nina 22, na huwa nalifikiria jambo hili kuliko inavyohitajika kwa mtihani.

Baada ya hapo kila mtu akaanza kutafuta: kipande kile kinasema nini? Walidhani kuna kemikali inayoamuru "kuweni ubongo". Wakaisaka miaka hamsini na zaidi. Walijaribu kipande kilichokufa, kikafanya kazi. Wakajaribu vitu vingine visivyohusiana kabisa, na baadhi navyo vikafanya kazi. Unaweza kuhisi walivyochoka. Kosa lilikuwa kwenye swali lenyewe, na jibu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa jaribio rahisi ambalo nalipenda kuliko yote.

Walichukua kofia ya juu ya kiinitete cha chura, ile inayofanya tabaka la nje. Ukiiacha nzima peke yake kwenye maji ya chumvi inayofaa, inakuwa ngozi. Lakini ukizitenganisha seli zake, kila moja ikaelea peke yake kwa saa kadhaa bila jirani wa kuigusa, zinaelekea kuwa seli za neva. Hakuna aliyeziambia kitu. Yaani seli isiyosikia neno la mtu inakwenda kuwa ubongo, na ile iliyo katikati ya wenzake inakuwa ngozi. Kumbe anayepewa amri ni ngozi!

Amri yenyewe ni protini za ukoo uitwao BMP. Seli za tabaka la nje huzitoa na kupelekeana, na kila inayozipokea kwa wingi hufuata njia ya ngozi. Kipande cha Mangold, ambacho vyura nao wanacho mahali pale pale, hutoa protini nyingine: nogini iligunduliwa 1992, kodini 1994, na folistatini ikahusishwa na kazi hii mwaka huo huo. Hizi hazimwambii mtu awe ubongo. Zinakwenda nje ya seli, zinazikamata BMP na kuzishikilia zisifike kwenye vipokezi. Ni kama mtu anayesimama mlangoni kwako na kupokea barua zako kabla hujaziona. Barua inasema "kuwa ngozi". Hukuisoma. Basi unaendelea na safari yako ya kuwa ubongo.

Mwaka 2005 maabara ya Edward De Robertis huko Los Angeles ilifika mwisho wa jambo. Walizima protini za BMP kadhaa kwa pamoja ndani ya viinitete vya chura wa kucha. Tabaka lote la nje likageuka kuwa la neva, mgongoni hadi tumboni. Hilo ndilo jibu la moja kwa moja la "mbona haukuenea mpaka tumboni". Ungeenea. Tumbo ndilo linaloukataa, kila saa, kwa BMP zake.

Niseme hapa kwamba wapo watafiti wanaoona hadithi hii imerahisishwa mno. Kuna protini za ukoo wa FGF ambazo nazo zinahitajika ili ubongo uanze vizuri, na mabishano kuhusu ni kiasi gani hayajaisha. Pia kuna mstari mwingine, wa kichwa hadi mkia, ambako protini za ukoo wa Wnt zikiwa nyingi unapata ugwemgongo na zikiwa chache unapata ubongo wa mbele. Nauruka, kwa sababu swali lilikuwa la mpaka na ngozi.

Mpaka, basi. Mgongoni BMP zimekamatwa karibu zote. Tumboni zipo tele. Katikati kuna mteremko, na mteremko hauna mstari. Fikiria jiko la mkaa barazani usiku wa mwezi wa saba Sumbawanga: aliye karibu anavua sweta, aliye mlangoni anatetemeka, lakini huwezi kuchora chaki sakafuni ukasema hapa ndipo joto linapoishia. Kiinitete kinachora. Kwanza, jeni zinazowashwa upande wa ngozi na zile za upande wa neva zina tabia ya kuzimana, kwa hiyo seli iliyo katikati haikai muda mrefu ikisitasita. Pili, gundi za juu ya seli hubadilika: za ngozi zinabaki na aina moja, za neva zinachukua nyingine, na seli za gundi moja hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ile tofauti ndogo ya dozi inaishia kuwa mpasuko unaouona kwa lenzi.

Lakini kati ya pande hizo mbili unabaki ukanda mwembamba uliopata BMP za wastani, pamoja na neno la Wnt na FGF. Ukanda huo hauwi ngozi, wala hauwi ubongo. Wilhelm His aliuona kwenye kifaranga mwaka 1868, na waliomfuata wamekuwa wakishangaa tangu hapo. Seli zake zinang'oka, zinasafiri mwili mzima, na zinatoa vitu ambavyo huwezi kuamini vimetoka mahali pamoja: seli za rangi ya ngozi, sehemu kubwa ya mifupa ya uso, neva zinazoendesha utumbo, neva za kuhisi maumivu na mguso, na seli zinazotoa adrenalini ukikutana na nyoka shambani. Weusi wa chura wetu wa mtaroni anapokua, na weusi wangu mimi, seli zake zilitoka mpakani.

Kuamua mipaka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukunja, na hapa wanafunzi wangu walielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa chuoni, kwa sababu karibu wote wamewahi kwenda shamba na bibi zao. Wafipa wana kilimo cha vilima viitwavyo ntumba. Mvua zikielekea mwisho, unakata ardhi pamoja na nyasi zake, unaigeuza kuelekea ndani, unazungushia, mpaka nyasi zilizokuwa juu zinafunikwa katikati ya kilima, zioze ziwe mbolea. Kilichokuwa nje kimekuwa ndani, na juu pamefunikwa udongo. Bonde la neva hufanya vivyo hivyo. Seli zake hubana upande wa juu, kama unavyovuta kamba ya mdomo wa mfuko, kila seli inakuwa na umbo la kabari, na bamba zima linajikunja. Matuta mawili yanapanda, yanakutana, yanashikana. Chini umebaki mrija, juu ngozi imefunga. Kwa binadamu ni hivyo hivyo, na kwa chura wa Kihansi pia, ambaye hatagi mayai na huzaa vyura wadogo waliokamilika. Mikunjo yote hiyo inafanyika tumboni mwa mama.

Nilimaliza kueleza hayo jioni ya tatu. Wenzake walipoondoka, yule binti akabaki akikusanya chaki ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Halafu akasema mdogo wake alizaliwa na mgongo wazi. Alipelekwa mbali kufanyiwa upasuaji, yuko hai, ana miaka minne, hatembei vizuri. Mtaani wanasema mama yao alivuka dawa akiwa mjamzito. Wengine wanasema aligombana na mtu. Baba yake anayasikia, na siku hizi naye ameanza kuyasema.

Hapo ndipo nilipojua swali la siku ya kwanza lilikuwa linatoka wapi.

Nilimweleza nilichokijua kwa hakika. Kwa mgongo wazi, mpaka wa ubongo na ngozi kwa kawaida ulishapimwa vizuri. Tatizo ni ule mkunjo, matuta kushindwa kukutana sehemu fulani. Yakishindwa sehemu ya chini, ni mgongo wazi. Yakishindwa kichwani, ubongo hauwezi kujengeka na mtoto haishi. Na kwa binadamu mrija huo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Tukachukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la pembejeo, tukahesabu pamoja. Siku ya 28, mama mwenye mzunguko wa kawaida amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu. Wengi hawajajua. Wengine wamejua jana.

Akanyamaza, kisha akainama kwenye beseni na lenzi. Mayai karibu yote yalikuwa yameshafunga, migongo laini. Moja halikufunga; mbele, kichwani, bonde lilikuwa bado wazi, na lilikuwa linaanza kupauka. Akaliangalia sana. "Na huyu," akasema, "mama yake alivuka nini?"

Sababu ziko nyingi na mara nyingi zinachanganyika: urithi, kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa, na upungufu wa foliki asidi, vitamini ya kundi B. Hii ya mwisho ndiyo inayoweza kushughulikiwa kwa urahisi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza 1991, kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto wa namna hii, ulionyesha vidonge vya foliki asidi vilivyoanzwa kabla ya mimba vilipunguza kurudia kwa tatizo kwa asilimia 72. Na chura tena akasaidia kueleza namna: mwaka 2017 watafiti wa California walionyesha kwamba kwenye chura wa kucha, kipokezi cha foleti kinahitajika ili seli za bamba la neva zibane ule upande wa juu. Bila hicho, mdomo wa mfuko hauvutiki.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Hapa ndipo nina neno la kusema. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi hutolewa kliniki ya wajawazito, na wengi wetu tunajua dada na shangazi zetu huanza kliniki lini: mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Kwa damu bado vinasaidia sana. Kwa mrija wa neva, ulishafunga au ulishashindwa. Njia nyingine ni unga. Tangu 2011 Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani, foliki asidi ikiwemo. Lakini Rukwa tunakula mahindi yetu wenyewe, kutoka ghalani kwenda mashine ya mtaani, na mashine ya mtaani inasaga ulichoipelekea. Mkoa unaolisha wengine ndio unaokula unga usioongezwa kitu. Maharage na mboga za majani vina foleti ya asili, na Ufipa maharage tunayo, ila kuchemsha sana kunapoteza sehemu yake. Kwa hiyo msichana wa chuo anayepanga kupata mtoto mwakani aulize vidonge kituo cha afya sasa, asisubiri kadi ya kliniki. Na anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, aonane na daktari kabla, maana dozi yake huwa kubwa zaidi.

Tulifundisha wiki moja zaidi. Mayai yakawa viluwiluwi, wanafunzi wakarudi kwenye maswali ya mitihani iliyopita. Siku mbili kabla sijapanda basi, mama wa yule binti akaja nyumbani akiwa na mtoto mgongoni. Alisema ameambiwa kuna kitu cha kuangalia. Nikamletea beseni na lenzi. Lile yai lililobaki wazi lilishaharibika, nikamwonyesha picha yake kwenye simu, siku moja hadi nyingine, na nikamhesabia tena zile siku 28 kwenye kalenda. Alisikiliza bila kuuliza. Mwisho akaniomba nimtumie zile picha kwenye namba ya mume wake.